Ulinganisho: CGM ya fundi wa injini na DSC ya afisa wake, ipi nzito zaidi?

Msomaji wa Historia
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe nishani ambazo Jeshi la Majini la Uingereza liliwapa watu watatu waliokuwa ndani ya boti moja. Usiku wa tarehe 17 Juni 1919 boti ya kasi CMB 4 ilipenya katikati ya meli za ulinzi karibu na Kronstadt, ngome ya majini ya Urusi, ikaizamisha manowari Oleg ya Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, kwa topido moja. Luteni Augustus Agar alipewa Msalaba wa Victoria, yaani VC, nishani ya juu kabisa ya ushujaa; msaidizi wake, afisa kijana John Hampsheir, akapewa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, DSC; na Hugh Beeley, fundi mkuu wa injini, akapewa Medali ya Ushujaa wa Kipekee, CGM. Katika utaratibu wa kuvaa nishani kifuani, DSC hutangulia CGM. Je, ina maana kwamba fundi alithaminiwa pungufu kuliko Hampsheir?

Mkusanya Nishani
Hapana, ndugu yangu. Utaratibu wa kuvaa unafuata cheo: misalaba ya maafisa imetangulizwa, medali za mabaharia wa vyeo vya chini zikafuata. Ukitaka kujua uzito wa tendo, tazama kila nishani ilikuwa chini ya ipi katika kundi lake. CGM, iliyoanzishwa mwaka 1855 wakati wa Vita vya Crimea na kurejeshwa mwaka 1874, ilikuwa moja kwa moja chini ya VC kwa baharia asiye afisa, na chini yake ikaja DSM, Medali ya Utumishi Uliotukuka, mwezi Oktoba 1914. Kwa maafisa, kati ya VC na DSC ilikuwepo DSO, Nishani ya Utumishi Uliotukuka, kwa hiyo DSC ilikaa ngazi ya tatu. Katika Vita Kuu ya Kwanza zilitolewa DSM zaidi ya 4,000, ilhali CGM zilikuwa takriban 110 tu. Marekebisho ya mwaka 1993 yalithibitisha jambo hili, kwa sababu CGM ilipofutwa nafasi yake ilichukuliwa na msalaba mpya wa ngazi ya pili, nayo DSC ikabaki ngazi ya tatu, safari hii kwa watu wa vyeo vyote. Kwa kipimo hicho Beeley alimzidi Hampsheir kwa ngazi nzima.

Fundi wa Bandarini
Nami naongeza upande wa kazi yenyewe, kwa kuwa injini za boti ndizo riziki yangu. CMB 4 ilikuwa na urefu wa futi 40, na topido yake ililala kwenye mfereji wa nyuma ikiwa imeelekea mbele kama boti. Ilisukumwa majini kwa kutanguliza mkia, kisha ikaanza kukimbia nyuma ya boti hiyohiyo iliyoiachia, hivyo nahodha alilazimika kukata kona mara moja. Injini ikikohoa wakati huo, topido inawafikia wenyewe. Usiku ule baruti ya kuisukuma topido ililipuka kabla ya wakati, na ni vizuizi tu vilivyoizuia isitoke. Ikabidi baruti nyingine ipachikwe huku boti ikisubiri jirani na meli za adui kwa muda wa dakika kama ishirini. Agar aliona anakokwenda. Fundi aliye kwenye chumba cha injini, katikati ya mvuke wa petroli na kelele, haoni risasi inatoka wapi, na bado anatakiwa asitetereke. Kwangu mimi hiyo CGM ilikuwa haki yake kamili.

Binti wa Kigoma
Sipingi, kaka zangu, ila msiidharau DSM. Boti mbili za Uingereza zilizoitwa “Mimi” na “Toutou”, zilizojengwa na kampuni ya Thornycroft iliyoijenga CMB 4 na zenye urefu uleule wa futi 40, zilisafirishwa kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume nchini Kongo, zikakokotwa kwa mitambo ya mvuke kupita milima ya Mitumba, ndipo zikafika Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli Kingani ya Wajerumani. Mabaharia wa msafara ule walipata DSM. Kuziweka hai injini za petroli baada ya safari ya namna ile si jambo dogo kuliko usiku mmoja wa Kronstadt.

Mkusanya Nishani
Dada, hoja yako ina uzito. Hata hivyo CGM ilitafuta tendo la hatari ya wazi, wakati DSM iliweza kutambua pia uthabiti wa muda mrefu mbele ya adui. Mafundi wa Ziwa Tanganyika wanaingia vizuri katika maelezo hayo ya pili. Tukumbuke pia kwamba Uingereza haikuwa imetangaza vita dhidi ya Wabolsheviki, na Agar alikuwa akivusha wajumbe wa siri. Ndiyo maana VC yake ilitangazwa bila maelezo ya tukio.

Msomaji wa Historia
Nashukuru sana. Katika jedwali langu nitampanga Beeley mbele ya Hampsheir.

Fundi wa Bandarini
Weka na safu ya cheo, tafadhali, kwani asiyejua kwamba Beeley hakuwa afisa atadhani CGM na DSC zilishindaniwa na watu haohao.