Naomba ushauri: kufundisha watu wazima "imani ya mtoto"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandaa somo la dakika 45 kwa kikundi cha watu wazima 12, kutoka Mathayo 18:1-4.

Tatizo ni kwamba wengi wakisikia "kama vitoto" wanaelewa "amini, usiulize". Hiyo siyo maana yake, na watoto wenyewe huuliza kutwa nzima! Wanafunzi walitaka kujua nani mkubwa, Yesu akamsimamisha katikati mtoto asiye na cheo. Mstari wa 4 unataja kujinyenyekeza, si ujinga. Luka 18:15 inalikaza zaidi: neno la Kigiriki pale, brephos, ni mtoto mchanga wa kubebwa. Huyo hana hoja wala sadaka mkononi, anapokea tu.

Nimepanga dakika 15 za Mathayo na Luka, 10 za 1 Wakorintho 14:20 (uchanga katika uovu, utu uzima katika akili), kisha 20 za zoezi: kila mtu aandike ombi la sentensi moja bila mapambo, kama mtoto asemavyo "Baba, nina njaa".

Waefeso 4:14 (tusiwe tena watoto wachanga, tukichukuliwa na kila upepo wa elimu kwa hila ya watu) naogopa kuiacha, maana ndipo watu wanapoibiwa kwa jina la imani. Nikiiweka, zoezi litabanwa. Niipeleke kipindi cha pili? Na aliyelelewa na baba mkatili, neno "Baba" likimuumiza, nimsaidieje aingie kwenye ombi hilo bila kulazimishwa mbele ya wenzake?