HD 189733 b: mvua ya vioo imepimwa au ni chumvi tu?

mwl_Njiro: Wakuu, klabu ya sayansi hapa Arusha inachora bango la sayari hii. Kila picha mtandaoni ni mpira wa buluu na vioo vikipeperushwa kiubavu. Kipi kimepimwa, kipi cha msanii? Na kamera yenye lenzi ya milimita 200 itaiona?

Mshtarii: Mwalimu, hizo zote ni michoro, sayari iko miaka-nuru kama 64 kutoka hapa. Kinachopimwa ni mwanga wa nyota yake, unaopungua kama asilimia 2.4 kila baada ya siku 2.2 sayari inapokatiza mbele. Hapo ndipo ukubwa wake ulipopatikana: inaizidi kidogo sayari yetu ya Mshtarii.

Buluu ni ya kweli. Mwaka 2013 darubini ya Hubble ilionyesha kwamba sayari ikijificha nyuma ya nyota, mwanga wa buluu ndio unaopungua. Ila msichore bahari! Ni ukungu unaotawanya buluu, kwenye joto linalozidi nyuzi 900. Upepo nao umepimwa, kama kilomita 2 kwa sekunde. Vioo sasa: chembe za silika (madini ya kutengenezea kioo) ni maelezo yanayoufaa ukungu ule, lakini hakuna aliyepima tone likianguka. Vibaki kwenye bango, ila muandike “inakisiwa”.

lenzi_Moshi: Kuiona hapana, kuipima inawezekana. Nyota yake ina mng'ao wa 7.7 (namba ikikua nyota hufifia; hii haionekani kwa macho matupu), jirani kabisa na wingu la gesi liitwalo nebula M27. Mwishoni mwa Septemba inafika juu kabisa saa mbili na nusu usiku, digrii 64 upande wa kaskazini. Julai mawingu yatawachosha bure.

Tripodi peke yake haitoshi. Tafuta kitako chenye mota kinachofuata nyota. Legeza fokasi nyota iwe kisahani, la sivyo pikseli zinajaa mwanga na kipimo kimekufa. Hifadhi faili ghafi (RAW), si JPEG, utumie chaneli ya kijani. Mpito, yaani sayari kukatiza mbele ya nyota, hauchukui hata saa mbili, lakini anza saa nzima kabla na uendelee saa nzima baada yake. Linganisha na nyota tatu za jirani zenye mng'ao unaokaribiana.

mwl_Njiro: Na grafu ya mwanga ikiinama tangu mwanzo hadi mwisho?

lenzi_Moshi: Hiyo ni hewa yetu: nyota ikiteremka, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi. Chora mstari kupitia sehemu za kabla na baada ya mpito, kisha gawanya vipimo vyote kwa mstari huo. Kama bonde la mpito halibaki kwenye grafu, kagua ratiba ya mipito: huenda mpito ulikuwa mchana.