Hivi Tom ndo mbaya kweli? Mimi najiona yeye kabisa

Stoo_Kariakoo: Wakuu, nauliza siyo utani, kwenye Tom na Jerry mnamshangiliaje panya? Utotoni nilikuwa upande wa Jerry, siku hizi nikikaa na mwanangu naona yule paka ni mimi. Ana kazi, tena ya masharti. Ile ya kwanza kabisa, 1940, hata jina la Tom hajapewa anaitwa Jasper, yule mama anamwambia ukivunja kitu kimoja tena unatoka humu. Panya kasikia. Anabeba glasi mpaka ukingoni mwa meza anamwangalia tu, maana anajua ikidondoka hasara ni ya nani. Mimi boksi likipungua linakatwa kwenye mshahara wangu, aliyeiba yuko nje anakula chipsi mayai. Sasa mbaya nani?

Kijukuu wa Ilala: Dume zima na ndevu unajifananisha na katuni. Tafuta hela kaka.

Stoo_Kariakoo: Hela natafuta ndo maana nipo stoo mpaka saa mbili usiku, we uliyezipata mbona uko humu unagombana na paka?

Mama Wawili: 😂😂 Na hao paka na panya wana Oscar 7, Kijukuu wewe una cheti gani zaidi ya cha kuzaliwa

mpangaji_sugu: Tuongee ukweli. Jerry anaishi kwenye tundu la ukuta, anachukua kipande cha jibini kwenye friji iliyojaa. Tom analala kwenye kochi la watu akiona ni lake. Ukijiona Tom ujue ushakuwa nyapara, unamlindia tajiri mali ambayo hata wewe huonji.

Bi Shangani: Hebu nicheke. Nyie wabara mnaosema mmekua na Tom na Jerry mmekuliaje? TV kwenu imekuja na ITV 1994. Sie Unguja TV ya rangi tunayo toka miaka ya sabini, enzi za Mzee Karume, nyie mlikuwa mwaitazama redio.

Kijukuu wa Ilala: Karume kauawa 1972 dada, TV mmeletewa wakati wa Jumbe aliyemfuata. Historia ya kwenu tunawafundisha sisi wa redio.

Bi Shangani: Jumbe alitoka wapi kama si kwa Karume? Rangi ilikuwepo, haikuwepo?

Kijukuu wa Ilala: Halafu nani kakwambia tulingoja 1994, deki zilikuwepo, mkanda mmoja unazunguka mtaa mzima mpaka picha inanyesha mvua, na asiye na deki anaenda kibanda umiza anakaa kwenye benchi na jasho la wenzake

Mama Wawili: Kibanda umiza walikuwa wanaweka Wachina wanapigana, Tom na Jerry uliiona kwa jirani mwenye geti, dirishani, mpaka wakafunga pazia. Tusidanganyane.

Kijukuu wa Ilala: Kwetu TV ilikuwepo!!! Muulize yeyote Ilala.

Mama Wawili: Pole, sikujua pazia lilikuuma hivyo 😂

Teja wa Vitabu: Mnasahau kuwa yule paka na panya hawaongei, ndo maana hata bibi yangu asiyejua kiingereza alikuwa anacheka tunapocheka sisi. Watoto wangu wao wamekua na Ubongo Kids, kiswahili kitupu, imetengenezwa hapahapa Dar, wa kike anakwambia yeye ni Kibena, yule msichana wa humo, na usibishe. Sioni tofauti na huyu mkuu wa stoo.

mpangaji_sugu: Kama ni panya wa kujifananisha naye basi Kipanya wa Masoud, yule wa katuni za gazetini. Jamaa wa stoo hajanijibu.

Stoo_Kariakoo: Nikujibu nini, umeniita nyapara. Nyapara anakatwa mshahara? Nyapara anapanda mwendokasi kasimama mpaka Kimara? Na unavyomtetea huyo Jerry wako nahisi nakujua, ulishawahi kufanya kazi Msimbazi wewe.

mpangaji_sugu: Sijawahi. Ila jibini nakula.

Bi Shangani: Bado sijajibiwa kuhusu rangi.