Tupeane uzoefu: mradi wa kaunti uliofika mlangoni kwako, uliulizwa au ulijengewa tu?

Mkaa Bondeni
Wadau, nimekaa na hasira wiki nzima nikaona niilete huku. Mwaka juzi kaunti ilitujengea mtaro wa maji ya mvua. Mtaro mzuri, wa mawe na saruji. Ulianzia juu barabarani, ukateremka, ukaishia hatua kama kumi kutoka lango langu. Basi. Hapo hakuna mto wala karavati. Maji ya mtaa mzima, ambayo zamani yalitawanyika ovyo, sasa yanaletwa kwangu kwa adabu. Nikiuliza naambiwa kuna awamu ya pili. Nilipouliza iko kwenye bajeti ya mwaka gani, msimamizi wa wadi akaanza kuangalia simu yake.

Soko, barabara, taa, zahanati, leteni chochote. Kama ni malalamiko kaunti msiitaje, tusije tukaitwa kuandikisha taarifa.

Mama Viazi
Pole jirani. Yangu ni ya soko. Tulikuwa tunauza kando ya stendi, mvua yetu na jua letu, lakini abiria akishuka kwenye matatu anakaribia kukukanyaga, na huyo ndiye mteja. Tukaambiwa tutajengewa soko la kisasa. Tuliitwa ukumbini mara moja tu, tukaonyeshwa picha ya kompyuta, ina miti ya kupendeza na watu wanatembea na vikapu bila hata tone la jasho. Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, sitawadanganya. Hakuna aliyeuliza mboga zitakaa orofa gani.

Soko lilipokwisha kujengwa, chini walipewa wa nguo na simu, sisi wa viazi na nyanya tukapandishwa juu. Gunia la kilo 50 likwee ngazi kila alfajiri, na mbebaji anataka malipo mara mbili. Jioni mtu katoka kazini kachoka, nani atapanda ngazi kutafuta kitunguu? Na orodha ya vibanda ndiyo usiseme. Tulioandikwa tulijuana wote. Siku ya kugawa, yakasomwa majina ya watu ambao hawajawahi kuuza hata limau. Ndani ya miezi mitatu nusu yetu tulikuwa tumerudi barabarani, tunakimbizana na askari wa kaunti, na ushuru wa kibanda cha juu bado tunadaiwa.

Niliyekuwa Mpangaji
Nimekaa upande wa pili wa meza, ofisi ya mipango ya kaunti, miaka sita, kwa hiyo nitukaneni polepole.

Mkaa Bondeni, mtaro wako najua kilichoupata bila hata kuuona. Kwetu fedha za miradi midogo ziligawanywa sawa kwa kila wadi ili wawakilishi wasigombane. Kila wadi ikapata kipande cha barabara, kipande cha mtaro, na picha ya uzinduzi. Maji hayajui mpaka wa wadi. Mtaro ulitakiwa kupangwa kutoka mtoni kupanda juu, lakini fedha zilianzia juu kwa sababu juu ndiko kwenye barabara na macho ya watu.

La pili ni kalenda, na hapa ndipo wengi wenu mnapigwa chenga. Watu hufurika kikao cha Mei, bunge la kaunti likisikiliza maoni ya bajeti. Mnaongea kwa uchungu, sisi tunaandika. Lakini kufikia Mei mradi mpya hauna pa kuingilia ila kwa kung'oa wa mwenzako. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na mwaka wenyewe wa fedha unaanza Julai inayofuata. Mwisho wa Februari unakuja waraka wa mkakati unaogawa fedha kwa idara, na kufikia Aprili 30 makadirio yako mezani. Anayetaka mtaro aseme Julai na Agosti, wakati hakuna hema wala soda. Na juu ya hayo yote kuna CIDP, ule mpango wa miaka mitano. Uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mipango. Ndiyo maana afisa akikwambia "haimo kwenye CIDP" anakuwa ameshashinda.

Halafu semeni vitu vinavyoandikika. Kikao kimoja tulipokea karatasi rundo zima zinasema "tunaomba barabara". Bibi mmoja aliandikisha: kutoka zahanati hadi darajani, karavati iwekwe pale bondeni ambapo wanafunzi huvuka. Maneno yake yaliingia kwenye mpango jinsi yalivyo. Hayo mengine tuliyafupisha kuwa "kuboresha barabara za wadi", na neno hilo mkubwa yeyote analipeleka kwa jirani yake.

Mzee wa Barazani
Mpangaji unaongea vizuri, lakini nimehudhuria vikao hivi tangu 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Notisi inabandikwa Jumatatu, kikao ni Jumatano, kilomita ishirini kutoka kwangu, na kitabu cha bajeti kina kurasa mia tatu za Kiingereza. Nikifika naonyeshwa pa kutia sahihi. Nilikuja kugundua sahihi ndiyo iliyokuwa inatafutwa, ushahidi kwamba umma umeshirikishwa kama Katiba inavyotaka. Siku hizi siweki sahihi kabla sijaongea.

Kijana wa Nduthi
Taa za mulika mwizi, zile za nguzo ndefu, ziliwaka miezi minne. Zikazima. Kaunti inasema stima, wa stima wanasema bili. Ile nguzo sasa ndiyo steji yetu.

Mwanakamati
Niko Makueni na niseme la wema. Enzi za gavana wetu wa kwanza, Kivutha Kibwana, vikao vilianzia kijijini kabisa, vikapanda hadi wadi na kaunti. Kila mradi ulichaguliwa kamati ya wananchi, na mkandarasi halipwi kabla kamati haijatia sahihi. Nilikuwa kwenye kamati moja. Mkandarasi alileta mchanga wenye udongo. Fundi mmoja wetu aliuvuruga kwenye chupa ya maji, akauacha utulie, tope likakaa juu inchi nzima. Tukakataa kutia sahihi. Alitununia wiki mbili, kisha lori likaja na mchanga wa mto. Na sisi tulilipia urafiki: shemeji yake ni jirani yangu, mpaka leo salamu ni za mbali.

Mkazi wa Mukuru
Huku Nairobi tulianza na ramani kabla ya saruji. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru, mtaa wetu wa mabanda, kuwa eneo maalum la mipango, kaya kama laki moja. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao wakatupanga kwa makundi ya kaya kumi kumi, maoni yakapanda kutoka hapo. Bishano kubwa lilikuwa upana wa barabara. Ukifuata vipimo vya kawaida vya mjini, nyumba nyingi mno zinabomolewa, kwa hiyo ilibidi tukae chini tukubaliane kipi kipunguzwe. Ubishi ulikuwa mkali, mpaka mwenye nyumba na mpangaji wake wakagombana. Si kila kitu kilitekelezwa. Ila sikuwahi kabla ya hapo kuona mtu wa kaunti akinipa kalamu nichore.

Mkaa Bondeni
Mrejesho. Niliandika barua kuomba hati za mradi kwa ile sheria ya kupata habari ya 2016, inayowapa siku 21 kujibu. Wamejibu siku ya 19. Awamu ya pili haimo kwenye mpango wowote. Haikuwahi kuwamo. Nimekusanya majirani kumi na wanne, tunapeleka maombi mwezi wa saba, tumeandika "kutoka mwisho wa mtaro uliopo hadi mtoni" na fundi ametupimia mita. Mama Viazi, wewe kibanda cha juu ulikirudisha?

Mama Viazi
Nikirudishe wampe yule asiyejua limau? Nakilipia. Ndiyo stoo yangu ya viazi. Nauza chini.