Nimepigwa dola 250 na "mwalimu wa CDL" (leseni ya lori ya Marekani) wa WhatsApp. Uliyemlipa jana, soma hapa kabla hujaenda kwenye mtihani

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nina hasira na leo sizifichi.

Mimi ni dereva. Kabla sijaja huku Marekani nimekaa miaka kumi na moja kwenye usukani wa semi, Dar, Tunduma, Kasumbalesa, naenda na mzigo wa watu na kurudi na shaba. Mteremko wa Kitonga nimeushuka usiku wa mvua, lori la mwenzangu limelala kwenye kona na matawi yamewekwa barabarani. Leseni yangu ya daraja E imechanika pembe kwa kuonyeshwa trafiki. Sasa mimi huyo, juzi Jumanne, nimefeli mtihani wa maandishi wa kuomba lena, leseni ya kujifunzia. Wa lena, wakuu! Usukani wenyewe hata sijauona.

Na aliyenifelisha ni Mswahili mwenzangu, ananiita kaka na kuniamkia shikamoo.

Kwa mlio nyumbani mnaotaka kuelewa: leseni ya lori ya kwetu huku haina kazi. Wanaotambuliwa ni madereva wa Kanada na Meksiko tu, wengine wote tunaanza na moja. Unapimwa afya kwanza, presha, macho, mkojo. Halafu mtihani wa kompyuta ndiyo upate lena. Anayetaka daraja A, yaani kichwa na tela, anafanya mitihani mitatu: maarifa ya jumla, breki za upepo, na magari ya kuunganisha. Hapa jimboni kwangu (silitaji, msije mkanitafuta) ni maswali 50, 25 na 20. Kila mmoja upate asilimia 80. Ina maana kwenye ule wa kwanza ukikosa la kumi na moja umekwisha, na mashine haikusubiri umalize. Inakukata hapo hapo.

Mimi ilinikata kwenye swali la 37.

Nirudi nyuma. Nafanya kazi ghalani, usiku, napakia maboksi. Jamaa mmoja wa zamu yetu akaniunganisha kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wanaotafuta CDL. Wabongo wamo, Wakenya, Wakongo wa Bukavu na Goma wamo wengi tu. Mwenye kundi anajiita mwalimu. Picha yake amesimama mbele ya kichwa cheupe kinachong'aa, mkono kiunoni. Akanipigia mwenyewe. "Shikamoo kaka. Wewe na uzoefu wako huna haja ya kusoma kile kitabu, kina kurasa karibu mia mbili, utazeeka. Mimi nina maswali yote. Lena Jumatatu, leseni Ijumaa." Dola 250. Nikauliza risiti, akacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Nilichopewa ni PDF ya kurasa 14 na sauti za WhatsApp kama thelathini hivi. Madesa matupu, majibu ya kukariri. Waliosoma chuo nyumbani wanajua desa ni nini, ila desa la chuo angalau linamwambia mtu kitu. Hili lilikuwa na namba ya swali na herufi. Moja B, mbili A, tatu C. Na sauti zake ndizo zinaniuma mpaka sasa. Moja nimeisikiliza mara ishirini nikiwa nafunga maboksi: "Kaka, ukiona swali lina neno 'fade', usijisumbue kulisoma, chagua jibu la katikati."

Wakuu, swali likaja. Neno "fade" limo. Kumbe wanauliza breki zikipata moto mpaka zikakosa nguvu mlimani, chanzo chake nini. Hilo swali ningeulizwa kwa Kiswahili pale Kitonga na utingo wangu tungelijibu huku tunakula mahindi! Umezikanyaga mno, hukuweka gia ndogo mapema, ukaiachia breki kazi ya injini. Jibu lilikuwa la kwanza, na macho yangu yaliliona. Kidole kikabonyeza la katikati kwa sababu mwalimu kasema. Kompyuta inachanganya mpangilio wa maswali na majibu, yule wa pembeni yangu alikuwa na yake na mimi yangu. Herufi za kukariri zitafanya nini hapo?

Nimefeli, nikatoka mpaka kwenye gari, nikakaa. Nikarudi ndani kuuliza lini naweza kurudia. Mama wa kaunta akaniuliza nimesoma kitabu? Nikamwambia nina maelezo yangu. Akanyoosha kidole kwenye meza karibu na mlango. Vimepangwa pale, bure. Na mtandaoni kipo, bure. Nimepita mbele ya ile meza asubuhi na dola zangu 250 zimeshakwenda.

Nimeanza kukisoma usiku ule ule, nikiwa na kamusi ya simu pembeni. Hapo ndipo hasira ilipohama kutoka kwangu ikaenda kwake. Kwa sababu desa lake si kwamba linachosha tu. Lina makosa, tena ya zamani.

Chukua baza la upepo. Dereva yeyote wa semi analijua, upepo ukipungua kwenye matangi linalia na taa inawaka. Desa linasema lazima liwe limelia kabla upepo haujashuka chini ya 60 kwenye geji (psi). Kitabu nilichonacho mkononi kinasema 55. Chukua ukaguzi wa mzigo baada ya kuondoka. Desa linasema simama ndani ya maili 25 za mwanzo. Kitabu kinasema 50, halafu kila baada ya maili 150 au saa tatu, chochote kitakachotangulia. Hizo 60 na 25 hakuzitunga, zilikuwemo kwenye vitabu vya miaka ya nyuma. Yaani mtu amechukua karatasi aliyofanyia mtihani yeye zamani huko, au aliyofanyia shemeji yake, anaiuza leo kwa bei ya viatu vya watoto wangu wawili.

Umbali wa kumfuata gari la mbele, desa: "sekunde 4." Basi! Za gari gani? Kitabu kinakwambia sekunde moja kwa kila futi kumi za urefu wa gari lako, ukizidi maili 40 kwa saa ongeza moja. Semi ya futi 60 ikiwa kwenye barabara kuu ni sekunde 7. Hiyo si hesabu ya mtihani peke yake. Mwenye sekunde 4 huku barabarani atakuja kumlalia mtu na familia yake.

Nikiri jambo moja, na wale madereva wenzangu wa Tunduma mnisikilize. Nilidhani uzoefu unatosha. Kuna sehemu kwenye mlango wa breki za upepo nimeirudia mara tatu, si kwa kutoelewa, kwa raha. Wanasema breki ya mafuta inashika pale pale, ya upepo lazima upepo usafiri kwanza kwenye mipira mpaka ufike kwenye chemba. Nusu sekunde au zaidi. Ukiwa maili 55 kwa saa, kitabu kinasema huko kuchelewa kunakuongezea kama futi 32 kabla breki haijaanza kazi. Jumla, kuanzia jicho lione hadi gari lisimame, ni zaidi ya futi 450, na hapo lami ni kavu. Miaka kumi na moja mguu wangu unajua kwamba semi "inachelewa kusikia", sikuwahi kuambiwa inachelewa kiasi gani wala kwa nini. Na mteremko wameuandika vizuri kuliko nilivyofundishwa na tajiri wangu yeyote. Gia ndogo kabla mlima haujaanza kushuka. Umechagua mwendo wako salama, tuseme 40. Ikifika 40 kanyaga mpaka ushuke 35, achia, ikirudi 40 kanyaga tena. Sisi tulikuwa na mtindo wa kuushikilia mguu palepale mpaka harufu inakuja, halafu tunasimama kumwagia maji tairi.

Ndiyo hiyo mtu anakwambia "usijisumbue kulisoma."

Sasa uongo wake wa pili, huu ni kwa mliolipa juzi na jana. Anawaambia bila cheti chake hamruhusiwi kukaa mtihani wa lena. Si kweli. Lena ya daraja A haidai shule yoyote. Nenda na kitabu chako, kadi ya daktari na karatasi zako. Shule inadaiwa baadaye, kabla ya mtihani wa barabarani. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayechukua daraja A au B kwa mara ya kwanza lazima apite darasani na barabarani kwa mkufunzi aliyesajiliwa na serikali kuu, na huyo mkufunzi ndiye anayeingiza jina lako kwenye mfumo. Hakuna cheti cha kuchapisha nyumbani. Orodha ya waliosajiliwa ipo kwenye tovuti ya FMCSA, ndiyo mamlaka ya serikali kuu ya usalama wa malori, unaitafuta bure. Nimemtafuta huyu bwana kwa jina lake, kwa jina la biashara yake, kwa mji wake. Hayumo. Ungeenda na "cheti" chake kwenye mtihani wa barabarani wangekurudisha mlangoni. (Anayetaka kubeba mizigo ya hatari, huyo ndiye anatakiwa amalize mafunzo hata kabla ya mtihani wa kompyuta. Msichanganye.)

Na "lena Jumatatu, leseni Ijumaa"? Ukishapata lena lazima zipite siku 14 ndipo uruhusiwe mtihani wa barabarani. Kanuni ya nchi nzima hiyo. Anaijua. Hana namna ya kutoijua.

Kuna vijana kwenye lile kundi wapo kwenye maombi ya ukimbizi, wana kibali cha kazi tu. Nao kachukua hela zao. Jamani, Septemba 2025 kanuni za leseni kwa wasio na makazi ya kudumu zilibanwa vikali, zikapelekwa mahakamani. Kabla hujatoa hata senti, ingia ofisi ya leseni ya jimbo lako uliza kwa karatasi ulizonazo wewe. Mmoja wao, mtoto wa juzi tu, aliandika kundini kuuliza hilo swali. Mwalimu akafuta ujumbe wake, akaweka emoji ya misuli.

Halafu hili la Kiingereza. Najua wapo watakaonijia na "mkuu tatizo lako lugha." Sehemu ni kweli, sikatai. Swali lenye "not" katikati limenipiga mawili matatu, unasoma haraka unajibu kinyume. Ila ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutokariri. Tangu tarehe 25 Juni 2025 askari wa barabarani akikusimamisha na lori akaona huwezi kumjibu kwa Kiingereza wala kusoma alama, anakuweka chini, gari haliendi. Kesho umepata leseni kwa herufi za kukariri, umesimamishwa na mzigo wa watu, anakuuliza pembe tatu za tahadhari unaziweka wapi. Utamwambia "jibu la katikati"?

Nilimwandikia Jumatano. Kwa adabu kabisa, nikamtumia na picha ya ukurasa wenye ile 55. Akanijibu kwa sauti, sekunde tisa: "Kaka nadhani ulipaniki tu. Nikupe punguzo la kurudia, dola 100." Nikaiweka ile picha kundini ili wengine waone. Dakika tatu sikuwemo tena kundini.

Jina lake silitaji hapa, msinilazimishe. Mliomo mnamjua, kichwa cheupe, mkono kiunoni. Ninachotaka ni hela yangu, na kama kuna mwingine aliyelipa na akafeli aseme hapa hapa, si PM, tuhesabiane tuko wangapi.

Na swali kwa mliofaulu: mtihani wa magari ya kuunganisha, yale maswali ya hozi za upepo za tela, nyekundu na ya bluu, mliyashikaje? Kwenye gari nazijua kwa mikono, nyekundu ya dharura, bluu ya kukanyagia. Ila kitabu kinauliza ukizichanganya litatokea nini, kwa tela jipya na kwa tela la zamani lisilo na breki za springi, na hapo kidogo nachemka. Narudia mtihani Alhamisi ijayo. Zamu nimeshabadilishana na mtu.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Kuna mtu kamfikishia uzi. Kanipigia kwa namba ngeni, safari hii hakuna shikamoo. Anasema nikifuta nilichoandika atanirudishia nusu. Nimemuuliza nusu ya nini, kitabu nilichokiokota bure mlangoni? Kakata simu. Sifuti.