Patrol Y60: nifunge habu za mkono, za otomatiki au flanji?

MtotoWaKilombero
Wakuu, salaam. Nina Nissan Patrol Y60 ya dizeli, nabebea mbolea na mpunga kati ya Ifakara na Malinyi. Ilikuja na habu za otomatiki mbele, vile vifaa vya katikati ya tairi vinavyoliunganisha na shafti yake. Masika haya, habu ya kulia imekufa. Naweka 4H (matairi yote manne kuvuta), taa inawaka kwenye dashibodi, lakini matairi ya mbele yanaburuzwa tu kama ya mkokoteni. Nimetolewa topeni na trekta mara mbili. Fundi wa hapa ananipa njia tatu: nitafute otomatiki nyingine, nifunge za mkono, au niweke flanji, sahani zinazoshikanisha tairi na shafti moja kwa moja, niachane na habu kabisa. Mnashauri ipi? Na hizo flanji hazitavunja transfa, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma?

FundiSpana
Pole sana mkuu. Tuanze na taa, maana inaponza wengi. Swichi yake iko kwenye transfa, kwa hiyo inakuonyesha kwamba propela ya mbele (shafti ndefu itokayo transfa) imeunganishwa. Habu haizijui. Propela inazunguka, difu (gia za kati ya matairi mawili) inazunguka, hafu shafti (ya kutoka difu hadi tairi) inazunguka, halafu nguvu inaishia hatua moja kabla ya tairi.

Kuhusu habu kufa moja na mbele kote kutovuta: difu isiyo na loki hupeleka mzunguko kule kusiko na mzigo. Shafti ya kulia inazunguka bure, basi ya kushoto haipati nguvu ya maana hata kama habu yake ni nzima.

Habu ya mkono haina mambo mengi. Mwili wake umefungwa kwenye bakuli la tairi, na kichwa cha hafu shafti kina meno. Kati yao kuna pete yenye meno inayoteleza. Ukizungusha kitasa kwenda LOCK, pete inashika shafti na mwili kwa pamoja. Ukirudisha FREE inajitoa, tairi linazunguka juu ya beringi zake, na shafti, difu na propela ya mbele vinatulia. Ya otomatiki inangoja shafti ianze kuzungushwa na transfa ndipo ijibane yenyewe. Kuiachia unasimama, unarudisha 2H (nyuma tu kuvuta), kisha unarudi nyuma mita chache. Vipande vya ndani ni vidogo na vingi, na grisi ikiwa nzito au ikiingia maji, havishiki.

DerevaWaMtae
Mimi otomatiki nilizitoa kwa sababu ya miteremko. Huku Usambara ukishuka kwenye utelezi unategemea injini ikushike kwenye matairi yote manne. Zile habu za zamani, tairi likianza kuisukuma shafti badala ya shafti kuzungusha tairi, zinaweza kuachia. Ghafla mbele panakuwa pepesi na nyuma kunaanza kuteleza. Ilinitokea nikiwa na abiria watano, sitaisahau. Hata kwenye tope, ukitaka kujinasua kwa kwenda mbele na nyuma, kila ukibadili uelekeo inaachia kwanza kisha inashika tena, kwa mshtuko. Mshtuko huo ndio unaozivunja.

MamaShamba
Mwanangu, mimi nasema flanji. Nina Land Cruiser pikapu ya zamani shambani, inaendeshwa na vijana wanne tofauti. Kijana mmoja aliloki habu ya kushoto, ya kulia akaisahau. Akakwama na mzigo wa mahindi, akakaza mafuta akiwa kwenye 4L (manne kwa gia nzito), nguvu yote ikaenda nyuma, hafu shafti ya nyuma ikakatika. Tangu nifunge flanji hakuna cha kusahau. Gharama yake naiona: sili za mbele zinaisha mapema, na propela ya mbele inataka grisi sawa na ya nyuma kwa sababu haipumziki.

Chalbi254
Niko Marsabit, naendesha Land Cruiser 79 yenye habu za mkono. Watu huzikataa wakidhani lazima ushuke ukiwa umeshazama matopeni. Si lazima. Mimi nikielekea North Horr naziloki asubuhi kabla ya safari na kuziacha hivyo hadi nirudi. Zikiwa LOCK na wenzo uko 2H hakuna kinachoharibika, sehemu za mbele zinazunguka tu. Ndani ya gari ndimo naamua lini zivute.

Zungusha kwa vidole, kamwe usitumie koleo. Kitasa kikigoma katikati, sogeza gari kidogo, meno yatakutana. Na usiziache FREE mwaka mzima. Kitabu cha Toyota kinataka uendeshe kwenye 4WD walau kilomita 16 kila mwezi ili mafuta yapande kwenye gia za mbele. Barabara ya vumbi inafaa kwa kazi hiyo.

FundiSpana
Chalbi amenimalizia. Kuhusu transfa: flanji haiivunji ukiwa 2H. Kinachoiumiza ni 4H kwenye lami kavu, iwe una flanji au habu yoyote. Kwenye kona matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na Patrol haina difu ya katikati ya kumeza tofauti hiyo. Defender na Land Cruiser 80 za kuvuta muda wote zinatembea na flanji lami yote kwa sababu wao wanayo.

Mama yuko sahihi kwa gari la madereva wengi. Kwa gari la mtu mmoja anayelijua, mimi nafunga za mkono. Otomatiki nyingine iliyotumika sikushauri, utarudi kwenye tope lile lile.

MtotoWaKilombero
Asanteni sana, na shikamoo Mama. Gari naliendesha mwenyewe, nachukua za mkono. Je, nizijaze grisi maji yasiingie?

FundiSpana
Hapana! Grisi nyingi hukwamisha pete. Paka nyembamba kwenye meno, weka gasketi mpya, kaza bolti za kifuniko kwa mzunguko wa kupishana. Kabla ya kuondoka gereji, weka gari 2H, loki habu zote mbili, inua tairi moja la mbele, lizungushe kwa mkono. Ukiona propela ya mbele inazunguka nalo, imeshika. Weka habu ya tairi hilo FREE, zungusha tena, propela isimame. Rudia upande wa pili.