Tupeane uzoefu: tuliopoteza macho, na mliolelewa na wasioona

Fundi Patasi (Mjini)

Asalaam aleikum. Naanza mwenyewe. Mie ni mchongaji milango, kazi ya baba na babu. Miaka tisa nyuma nikaanza kugombana na watu vichochoroni. Nikipita Mkunazini nampiga mtu bega, kisha namwambia yeye ndiye hana macho. Vespa zinaniibukia ubavuni kama zimetoka ukutani. Na kazini naona sawasawa: maua ya mfaa (ule mti wa katikati ya mlango), mnyororo wa pembeni, kila kitu. Kumbe presha ya jicho ndivyo inavyokula. Mara nyingi haiumi, inaanzia kandoni, katikati inakuachia mpaka mwisho, na kilichokwenda hakirudi. Nilipofika kwa daktari, jicho la kulia lilikuwa limebaki tundu la ufunguo. (Maradhi haya hutembea katika ukoo. Ndugu zangu niliwahimiza wakapimwe, mmoja akakutwa nayo mapema. Anatia matone kila siku na anaona mpaka leo.)

Mwaka wa kwanza nilikaa ndani. Huo sitausimulia. Wa pili mwanafunzi wangu akaniletea kipande cha mfenesi nikishike tu, nijiliwaze. Nikapitisha kidole, nikamwambia jani la tatu la hili ua umelichimba kupita wenzake. Akabisha. Akatoka nalo juani, akarudi kimya. Kwa macho ua unaliona lote mara moja, na ukishaliona unadhani umelijua. Kidole kinakwenda jani kwa jani, hakina haraka. Siku hizi hakitoki kitu karakanani mpaka kipite mikononi mwangu, na msasa wa mwisho ni wangu. Patasi kubwa nimewaachia vijana.

Haya, na nyinyi? Hadithi yako, si ya kusikia.

Binti Konde

Waalaikum salaam ami Fundi. Bibi yangu mzaa mama alifunikwa macho yote mawili na mtoto wa jicho sie tukiwa wadogo. Lakini msimu wa karafuu mkuu wa jamvi alikuwa yeye. Kwa kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, hakupitwa na mtu. Kujua kama zimekauka alichukua moja akaivunja karibu na sikio: ikilia imekauka, ikijipinda bado. Na mvua je! Utamsikia tu "anueni!", sie tunatazama mbingu nyeupe tunacheka. Upepo umegeuka, anasema, na kuku wamenyamaza. Siku moja tulimpuuza. Karafuu zikarowa juu ya jamvi, rangi ikaharibika, bei ikaanguka, na babu hakusema na mtu siku mbili.

Lililonitia akili zaidi ni jengine. Macho yalipokwisha kabisa akaanza kuona vitoto vimevaa kofia, vimejipanga ukutani, havisemi. Nyumba nzima tukajua ni mashetani. Ubani ukafukizwa, akasomewa, akanywa kombe. Vitoto havikuondoka. Miaka baadaye nasomea uuguzi ndipo nikakutana nalo: Charles Bonnet wa Geneva aliliandika mwaka 1760, babu yake mwenye mtoto wa jicho akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo, na akili yake timamu. Ubongo ukikosa habari kutoka machoni hujichorea wenyewe. Sisemi mashetani hayapo, msinivamie. Nasema bibi alikaa nalo moyoni miezi kabla ya kututajia, akiogopa kuitwa mwendawazimu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wa Jang'ombe

Mie sioni tangu utotoni, naandika kwa simu inayonisomea kwa sauti. Kwanza tafadhali, ile ya "wasioona Mungu kawapa masikio makali" tuipunguze. Yangu yalipimwa, ya kawaida kabisa. Tofauti ni kuwa nayatumia. Soko la Darajani nalijua kwa harufu kabla sijafika, kichochoro kimebana au kimefunguka naambiwa na mlio wa fimbo, na njia panda naijua kwa upepo shavuni. Tabu yangu ni wenye macho. Unamuuliza mtu njia, anakwambia "huku, halafu pale", kidole kimenyooshwa nadhani. Mwengine anakukamata mkono hata salamu hakutoa, anakuvusha. Nimeshavushwa barabara mara mbili ndani ya saa moja, na watu wawili mbalimbali, kwenda na kurudi. Nilikuwa nasubiri daladala.

La pili. Walinitia chuo cha Kurani mapema kwa kuwa "asiyeona kazi yake kuhifadhi". Nimehifadhi, alhamdulillahi, sijuti. Lakini mie nilitaka hesabu, na hakuna aliyeniuliza. Nilizipata skuli, nilipofunzwa nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Aliyezibuni, Mfaransa Louis Braille, alizaliwa 1809, akaumia jicho kwa msharasi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, katika karakana ya ngozi ya baba yake akiwa na miaka mitatu, na jicho la pili likafuata. Mwaka 1824, kijana wa miaka 15, nukta zake sita alikuwa nazo. Na nukta zenyewe ukiziandika kwa mkono unazichoma kwa kijimsharasi. Fundi, wewe wa patasi hilo utalielewa kuliko sisi. Leo nafundisha hesabu.

Mama Mtumwengu

Yangu fupi. Mama yangu alipasuliwa mtoto wa jicho baada ya miaka sita ya kiza. Bandeji ilipotolewa neno la kwanza: "Nyinyi mumezeeka hivi?" La pili alisema nyumbani, kuhusu mazulia yangu, silirudii hapa. Na ngazi za kwetu akawa anazishuka amefumba macho. Akizitazama, anasema, haziamini.

Fundi Patasi (Mjini)

Binti Konde, vitoto vyako vya kofia vimenitoa jasho. Mie naona maua. Ya mlango, yanatambaa ukutani wenyewe, alfajiri khasa. Mwaka wa tatu huu na sijamwambia mtu, hata mke wangu. Leo akirudi sokoni ntamwambia.

Wa Jang'ombe, nifunze nukta za namba tu, moja mpaka kumi. Nataka kuzitia nyuma ya mbao. Vijana wananichanganyia vipande vya milango miwili, na msasa unanifika mkononi kabla sijajua nasugua wa nani.